Tahadhari Imetolewa, Nani Atahadhari? Uhakiki wa Msamiati wa Maandalizi ya Maafa Nyumbani

Istilahi nyingi za sayansi husomwa na wataalamu wachache, nao aghalabu wana kamusi mezani. Istilahi za maafa hazina bahati hiyo. Husomwa redioni katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, zikasikiwa na mtu anayepakua chakula cha watoto, naye hana budi kuamua usiku uo huo kama atalala au atahama. Hakuna atakayemfasiria. Neno likimpotosha, hasara yake haitakuwa alama za mtihani.

Makala haya yana nia ya kuhakiki msamiati unaotumika nchini Tanzania kuziandaa kaya kwa maafa yanayofuata majira: mafuriko ya masika na ya vuli, vimbunga vya pwani, baridi ya kipupwe na mengineyo. Hoja yetu ni kwamba msamiati huo umejengwa zaidi upande wa yule anayetoa taarifa kuliko upande wa yule anayepaswa kutenda. Ofisi inajua imetoa nini. Kaya haijui ifanye nini, wala lini. Tutaonyesha hayo kwa maneno machache yanayotumika sana, kisha tutatoa mapendekezo.

1. Neno "tahadhari"

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotabiri hali mbaya ya hewa, hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kila ngazi ina rangi yake: manjano, rangi ya chungwa, na nyekundu. Kwa macho ya mwanaistilahi mpango huu ni mzuri. Neno angalizo, lililokuwa likionekana zaidi pembeni mwa nyaraka na vitabu vya mafunzo, limepewa kazi mpya pasipo kuvunjwa maana yake. Ngazi zenyewe ni chache, na rangi zinamsaidia hata asiyejua kusoma.

Taabu huanza katika sentensi inayofuata. Baada ya kuambiwa kwamba tahadhari imetolewa, wananchi huambiwa wachukue tahadhari. Neno lile lile limekuwa jina la tangazo na tena jina la kitendo. Kanuni ya kwanza ya istilahi, kwamba dhana moja ipewe jina moja na jina moja lisibebe dhana mbili katika uwanja mmoja, imevunjwa ndani ya tangazo moja. Ofisi imetoa tahadhari, kaya imechukua tahadhari. Mwisho wa habari kila mmoja anayo tahadhari yake, na mtaro ungali umeziba.

Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuzitenga dhana hizi mbili zamani. Anayeonya hutahadharisha, anayeonywa hutahadhari. Methali isemayo "tahadhari kabla ya hatari" inamhusu huyu wa pili, mwenye nyumba yake, wala haiitaji ofisi yoyote. Ndiyo kusema kwamba maana ya asili ya neno hili katika vinywa vya watu ni kitendo cha anayehofia hatari. Ofisi ilipolichukua kuwa jina la ngazi ya tangazo, ililihamisha kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kisha ikaendelea kulitumia pande zote mbili.

Je, lipo neno jingine la kulipa tangazo? Onyo lingefaa, lakini mtumishi yeyote wa serikali aliyewahi kuandikiwa barua ya onyo anajua kwamba neno hilo limekwisha kuonja adhabu. Ilani ni neno zuri la kale, ila siku hizi msikilizaji akilisikia hufikiri uchaguzi na vyama vya siasa. Tahadharisho lina sarufi sahihi, bali ni refu na halijazoeleka masikioni. Kwa hiyo hatupendekezi kulifuta jina la ngazi ambalo limekwisha kufundishwa pamoja na rangi zake. Tunapendekeza jambo rahisi zaidi: neno tahadhari libaki kuwa jina la tangazo tu, na fungu "kuchukua tahadhari" liondolewe katika sentensi ya agizo. Mahali pake pawekwe kitenzi kinachotaja kazi yenyewe: zibua, pandisha, chemsha, hama. Mageuzi haya hayahitaji kijitabu kipya wala kikao kingine. Yanahitaji kalamu ya mhariri.

2. "Wastani" na "milimita"

Kabla ya masika na kabla ya vuli hutolewa mwelekeo wa mvua, na mara nyingi husemwa kwamba mvua zinatarajiwa kuwa "za wastani hadi juu ya wastani". Mtaalamu anazo takwimu za miaka mingi nyuma ya neno hilo. Katika maongezi ya kawaida, hata hivyo, mtu wa wastani, mshahara wa wastani au nyumba ya wastani ni kile kisichotisha wala kuvutia. Mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, akisikia mvua za wastani huona kwamba ameambiwa atulie. Nako Jangwani hujaa maji hata katika miaka ambayo masika yake hayakuacha sifa yoyote.

Tena wastani wa msimu mzima hausemi lolote juu ya siku moja. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kusababisha familia nyingi za Bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, yalitokana na mvua ya siku chache tu, tangu tarehe 20 hadi 22. Msimu unaweza kuwa wa wastani karatasini na siku zake tatu zikabomoa daraja. Watafsiri wa taarifa hizi wanatakiwa kuona kwamba "mvua nyingi kwa msimu" na "mvua kubwa kwa siku" ni dhana mbili, na kwamba kaya huzama kwa hiyo ya pili.

Hali kadhalika milimita. Kipimo ni sahihi, lakini hakuna anayepima maji nyumbani kwa milimita. Hapa hesabu yenyewe inatusaidia: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya bati lenye mita za mraba 40 humwaga lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20, kutoka paa moja. Mama wa nyumba anayechota maji anaijua ndoo kwa kichwa chake. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita anaweza kuifundisha hesabu hiyo kwa kipindi kimoja, na wanafunzi wakairudisha nyumbani kabla mvua haijaanza.

3. Majina ya majira

Maandalizi ya kaya hufuata majira, na majira ya Afrika ya Mashariki hayalingani na yale ya vitabu vya ng'ambo. Lugha yetu imejaliwa majina yake: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, kipupwe cha Juni hadi Agosti, upepo wa kaskazi na upepo wa kusi. Inasikitisha basi kukuta katika tafsiri nyingine "mvua ndefu" na "mvua fupi", kana kwamba masika na vuli havikupata kuwako. Mvua fupi, kwa mtu asiyejua asili ya tafsiri hiyo, ni mvua inayonyesha dakika tano ikakatika.

Lakini majina yetu wenyewe nayo yana matatizo ambayo yafaa tuyakabili. Neno msimu ni mfano. Kwa baharia wa pwani lilikuwa wakati wa pepo za biashara. Ofisini ni kipindi chochote cha mwaka. Katika mikoa yenye mvua za mkupuo mmoja, kama Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Mbeya, "mvua za msimu" ni jina rasmi la mvua zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Tangazo linalosema "jiandaeni kabla ya msimu" litaeleweka Singida kuwa ni Oktoba. Tanga mtu atauliza, msimu upi?

Kiangazi nalo ni vivyo hivyo. Mtu wa pwani anaweza kulitumia kwa miezi ya jua kali ya Januari na Februari. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini atalitumia kwa ukavu wa Juni hadi Oktoba, ambao sehemu yake kubwa ni miezi ya baridi. Vitabu vya shule vilivyotafsiriwa vikaongeza maana ya tatu, yaani majira ya joto ya Ulaya. Agizo la kuhifadhi maji "wakati wa kiangazi" kwa hiyo lina kalenda tatu. Dawa yake si kulifuta neno, bali kulifungia miezi na mahali kila linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Lipo jina moja ambalo limeachwa kwa mabaharia nalo lina kazi kubwa nchi kavu. Tanga mbili ni kile kipindi ambacho kaskazi imekwisha na kusi haijashika, upepo ukawa haueleweki. Tutazame tarehe. Dhoruba iliyoivunja Unguja na kuing'oa mikarafuu yake ilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Pemba ilinusurika zaidi, na ndipo ilipojipatia nafasi ya kwanza katika karafuu. Kimbunga cha Lindi kilikuwa Aprili 1952. Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilikuja kuelekea pwani yetu mwezi wa Aprili 2021 kikafifia. Hidaya kiliifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Hatusemi kwamba kimbunga hakiwezi kuja wakati mwingine. Tunasema kwamba kaya ya Mafia, Kilwa au Lindi inaweza kupewa agizo la kila mwaka lenye jina ambalo wavuvi wake wanalijua: kabla ya tanga mbili, kaza paa, weka akiba ya maji na chakula, pandisha mashua.

4. Majina ya maafa yenyewe

Kimbunga. Magazeti huita kimbunga upepo wowote ulioezua mabati. Mtu aliyekwisha kuezuliwa bati moja na "kimbunga" kilichodumu dakika kumi, akiambiwa kimbunga kinakuja kesho kutwa, atafikiri anakijua. Kimbunga cha baharini huonekana siku kadhaa kabla ya kufika, huenea mamia ya kilomita, na katikati yake pana jicho lenye utulivu. Jicho likipita, upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Aliyetoka nje kutazama hasara wakati wa utulivu ndiye anayepigwa. Kwa sababu hiyo neno kimbunga litengewe dhoruba ya aina hiyo peke yake. Upepo unaozunguka na kuinua vumbi una jina lake, chamchela, na uliobaki uitwe upepo mkali.

Elnino. Tangu mvua za 1997 na 1998 neno hili limekuwa jina la gharika yenyewe. Kisayansi ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, ambako huongeza uwezekano wa mvua nyingi za vuli kwetu, wala hakuzithibitishi. Mwaka 2015 Elnino ilikuwa na nguvu sana, nayo vuli ya mwaka huo haikuleta gharika kama ile ya 1997. Mwaka 2019, kinyume chake, vuli ilileta mafuriko makubwa Afrika ya Mashariki hali Elnino haikuwa na nguvu. Sababu kubwa ilikuwa joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Kaya iliyofundishwa kuogopa jina la Elnino itastarehe mwaka ambao jina hilo halikutajwa. Katika matangazo ya nyumbani neno hili lafaa liachwe kwa wataalamu, na kaya iambiwe juu ya mvua.

Mabondeni. Fungu "wananchi waishio mabondeni" linamfaa mkazi wa Msimbazi. Halimfai mtu wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Mtu aishiye chini ya mlima hajihesabu kuwa mkazi wa bondeni, na tangazo lililowaita watu wa mabondeni halikumwita yeye. Yafaa kusemwa wazi: mabondeni, kando ya mito, na chini ya miteremko ya milima. Hata neno maporomoko halitoshi peke yake, maana wengi hulijua kwa maji yaangukayo. Liseme daima maporomoko ya nini.

Hewa ya ukaa. Hapa kosa la istilahi linaweza kuua moja kwa moja. Wakati wa kipupwe, katika mikoa kama Njombe na Mbeya, watu hulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili wapate joto, na wengine hawaamki. Sumu inayowaua ni kaboni monoksidi. Lakini hewa ya ukaa ni jina ambalo tumelizoea kwa kaboni dioksidi, ile tunayoitoa puani, ile inayotajwa katika habari za misitu na mabadiliko ya tabianchi. Gesi mbili zimepewa jina moja, na msikilizaji anabaki akijiuliza vipi hewa anayoitoa puani kila siku imuue. Akiambiwa ajihadhari na moshi ni vibaya zaidi, kwa kuwa mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, nayo kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Vitabu vya sayansi viendelee kusema kaboni monoksidi. Tangazo la kipupwe liseme sumu ya mkaa, kisha liagize: jiko litolewe nje kabla ya kulala.

5. Pingamizi mbili

Huenda msomaji akasema kwamba kubadilibadili istilahi ni kuwachanganya watu. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukupendekeza kufuta ngazi za matangazo. Lakini mchanganyiko umekwisha kuwako hata katika ngazi ya juu. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na Idara ya Menejimenti ya Maafa. Sheria ya mwaka 2022 ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa. Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Dhana ni moja au zinakaribiana mno, na maneno ni matatu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, maneno ya namna hii hayabaki tena katika hotuba. Yanaingia katika sheria ndogo za halmashauri, na huko kuyarekebisha ni kazi ya miaka. Wakati wa kuyapima ni huu.

Pingamizi la pili ni kwamba majina ya majira hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na kwamba mvua zenyewe siku hizi hazifuati tena kalenda. Jambo hili linaimarisha hoja yetu. Ikiwa masika yanaweza kuchelewa au kuwahi, basi jina la majira lisisimame peke yake kama ahadi; liambatane na tarehe inayotarajiwa mwaka huo na kazi inayotangulia tarehe hiyo. Wala hakuna haja ya tangazo moja kwa nchi nzima. Redio za mikoani zipo, na kila moja inaweza kutumia jina la kwao pamoja na miezi.

6. Mapendekezo

(a) Tahadhari liwe jina la ngazi ya tangazo. Agizo litumie kitenzi cha kazi.

(b) Jina la majira lifungwe kwa miezi na mahali linapotajwa mara ya kwanza.

(c) Wastani lisitumike peke yake kwa msikilizaji wa nyumbani; lifuatwe na athari inayotarajiwa, kwa vipimo vya nyumbani.

(d) Kimbunga litengewe dhoruba ya baharini. Maporomoko yataje kinachoporomoka.

(e) Sumu ya mkaa litumike katika matangazo ya kipupwe.

Kwa mfano tumetunga tangazo hili, litakalohitaji kujazwa tarehe kila mwaka: "Masika yanatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Machi, mwambao wa kaskazini. Kabla ya hapo zibua mtaro wa nyumba yako. Pandisha nafaka na magodoro. Weka vyeti vyote katika chombo cha plastiki chenye kifuniko. Kubalianeni nyumbani mtakutana wapi maji yakiingia usiku. Maji ya kunywa yachemshwe siku zote za masika. Ukisikia tahadhari kubwa, hama kabla ya giza." Msomaji ataona kwamba neno tahadhari limetumika mara moja tu, na kwamba kila sentensi ya agizo inaweza kuulizwa jioni: imefanyika au haikufanyika?

Kazi hii haiwezi kumalizwa mezani. Tunawaomba walimu, watafsiri na maofisa wa wilaya wanaosoma jarida hili watuletee majina ya majira yanayotumika mahali pao, pamoja na miezi yake, na maneno yanayotumika kwa pepo, mafuriko na maporomoko. Majina ya majira ya mvua yafike mapema, ili orodha ya kwanza iwe tayari kabla mwelekeo wa vuli haujatangazwa.